Remmy Ongala: anza na albamu ya 1989
Ndugu, umeuliza uanzie albamu ipi ya mwanamuziki Remmy Ongala na bendi yake, Super Matimila. Bila kusita, Songs for the Poor Man, iliyotoka 1989 chini ya Real World, lebo ya muziki ya mwanamuziki Peter Gabriel, Uingereza. Weka wimbo wa Kipenda Roho, sauti juu kidogo, halafu fuatilia magitaa: moja linashika mdundo, jingine linajibizana nalo, na Remmy anaimba taratibu kama anaongea na wewe barazani. Albamu yake ya Mambo, ya 1992, ni nzuri pia, ila pale Kiingereza kimeingia, nami nampenda zaidi akiimba Kiswahili. Ukimaliza, tafuta rekodi za Orchestra Makassy, bendi aliyojiunga nayo alipokuja Dar mwaka 1978.