Saa 2 ya simu si saa 2 yetu: kuchagua programu ya kupangia kazi

Kila wanapoingia vijana wapya ofisini kwetu hapa Mbeya, haipiti wiki bila mmoja kuniuliza, "Kaka, wewe kazi zako unapanga kwa programu gani?" Nimekuwa nikiwatajia jina moja, wanaipakua, na baada ya mwezi wengi wao wamerudi kujiandikia ujumbe WhatsApp. Naona sasa kwamba jina peke yake haliwasaidii. Kazi yetu ya kukusanya parachichi kwa wakulima ni ya njiani: asubuhi Uyole, mchana Tukuyu, keshokutwa Njombe. Programu inayomfaa mtu anayekaa mezani kutwa inaweza kukuacha solemba siku ile unayoihitaji zaidi.

Nianze na saa, maana hapo ndipo nilipoumia.

Mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa na kreti 40 za parachichi kijijini, juu kidogo ya Tukuyu, zimefunikwa turubai. Nilitakiwa kumpigia dereva wa Canter saa 2 asubuhi nimthibitishie njia, kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha na kuna kona moja ambapo magari hukwama. Jioni ile, nikiwa hoi, niliandika kwenye simu "mpigie dereva", nikagusa namba 2, nikalala. Simu ikalia usiku wa manane. Nikaizima usingizini, na kwa upande wa programu ukumbusho ukawa umeshatolewa. Asubuhi haikulia tena. Dereva kuona kimya, akachukua mzigo wa mtu mwingine. Kreti zilikaa pale mpaka saa 9 alasiri, jua likatoka likazipiga zile za pembeni ambazo turubai halikuzifikia. Mama mwenye shamba alisimama ananitazama, kisha akaniuliza taratibu, "Mwanangu, si uliandika?"

Niliandika kweli. Nilikosea kwa tofauti ya saa sita.

Sisi tunahesabu saa tangu macheo, simu inahesabu tangu saa 6 usiku. Saa 2 asubuhi kwake ni 08:00, saa 9 alasiri ni 15:00. Kwa hiyo kabla hamjapakua chochote, ingieni kwenye mipangilio ya simu mweke mfumo wa saa 24. Kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 11 jioni ongeza 6. Kuanzia saa 1 usiku hadi saa 5 usiku ongeza 18. Mkiona 02:00 imeandikwa hivyo, jicho lenyewe litakataa. Na mimi hadi leo kwenye jina la kazi huandika saa kwa Kiswahili, "mpigie dereva saa 2 asubuhi", halafu naweka 08:00 pembeni. Vikipishana, naona palepale.

Todoist, moja ya programu hizi za kupangia kazi, inasifiwa kwa kusoma tarehe ndani ya maneno unayoandika. Ni kweli, na inarahisisha, lakini andika kwa Kiingereza au lugha nyingine inazozijua. Ukiiandikia "keshokutwa saa 2" usitegemee ielewe. Gusa kalenda uchague mwenyewe.

Kuna balaa la pili la saa, na hili linawapata wenye vifaa viwili. Dada mmoja aliyekuja kwetu kwa mafunzo kwa vitendo alikuwa na laptopu iliyotumika. Mwezi wa kwanza, aliipanga kazi ya 08:00 kwenye laptopu, simu yake ikamlilia 19:00, yaani saa 1 usiku. Alidhani programu ni mbovu, akabadilisha programu mara mbili. Tulipokaa naye tukaikuta laptopu bado iko kwenye ukanda wa saa wa Marekani ya magharibi. Aliyekuwa nayo kabla alisogeza mishale ya saa kwa mkono tu. Kioo kinaonyesha saa sahihi, lakini mashine inaamini iko huko ng'ambo, na ikisomana na simu inatafsiri kila kitu kwa tofauti ya saa 11. Kwenye Windows tafuteni ukanda wa Nairobi, wenye +03:00. Ndio wetu pia. Tukaubadilisha, tatizo likaisha siku hiyohiyo.

Sasa mtandao. Huku kwetu milima ni mingi, mawasiliano yanapotea ukivuka bonde tu, na bando nalo huisha bila kuaga. Ukipakua programu yoyote, ifanyie jaribio hili kabla hujaiamini: weka simu katika hali ya ndege, fungua programu, andika kazi mpya, ifunge kabisa, ifungue tena. Kazi ipo? Halafu rudisha mtandao, nenda kwenye kompyuta, uone kama imefika. Microsoft To Do, Todoist, Google Tasks na TickTick zikiwa kwenye simu huhifadhi unachoandika na kukipeleka mtandao ukirudi. Kwenye kivinjari cha kompyuta usiwe na uhakika huo. Na mkumbuke, maneno matupu hula bando kidogo sana. Picha mnazoambatisha ndizo zinazolila.

Jambo jingine linalowaponza wengi ni betri. Simu nyingi za bei tunazozimudu zimewekewa tabia ya kuua programu zilizo nyuma ili chaji idumu. Ukumbusho unakuwa umeandikwa vizuri lakini haulii, au unalia pale unapofungua simu mwenyewe baada ya saa nzima. Nendeni kwenye mipangilio ya betri, mtafute jina la programu, mwiruhusu ifanye kazi bila kizuizi. Halafu jipangieni ukumbusho wa dakika 20 mbele, mfunge kioo, muiache simu mezani mnywe chai. Usipolia, msiiamini simu hiyo kwa jambo la mkulima hadi mtakapojua kwa nini.

Kuhusu jina lenyewe la programu, angalia una nini mkononi. Things ni programu iliyotengenezwa kwa uangalifu mkubwa, ila ni ya vifaa vya Apple peke yake na ni ya kulipia. Ukiwa na iPhone huku kompyuta ya ofisi ni Windows, nusu ya siku yako haitaiona. Mwenye Android na kompyuta ya Windows, kama wengi wenu, namshauri aanze na Microsoft To Do. Ni ya bure, na ina ukurasa wa siku ya leo unaoanza mtupu kila siku, kwa hiyo unalazimika kuchagua asubuhi ni kazi zipi utazibeba. Zile usizozifanya jana hazipotei, zinabaki kwenye orodha zake. Napenda hilo kuliko orodha ya mambo 60 yaliyopitwa na siku, yote mekundu, inayokukatisha tamaa kabla hujavaa viatu. Kama kazi zako zinakuja zaidi kwa barua pepe ya Gmail, Google Tasks itakutosha, maana barua unaigeuza kazi hapohapo na tarehe zake zinaonekana kwenye kalenda. Todoist ina nguvu zaidi unapokuwa na vijiji vingi vya kufuatilia, lakini toleo la bure linaweka kikomo cha idadi ya miradi, na mkifungua mradi kwa kila kijiji mtakifikia mapema. Notion, ambayo unajijengea kurasa zako mwenyewe, nawaombeni iwekeni kando kwanza. Nimeona vijana makini wakitumia siku tatu kupamba kurasa huku simu za wakulima hazijapigwa.

Mkishachagua, ulizeni pia njia ya kutokea. Wunderlist ilipendwa sana na watu dunia nzima. Ilitengenezwa Berlin, Microsoft wakainunua mwaka 2015, na tarehe 6 Mei 2020 ikafungwa. Waliohamisha orodha zao mapema walizikuta salama kwenye To Do. Kwa huduma za Google kuna Google Takeout ya kupakulia kazi zako zote. Fanyeni hivyo mara moja kila baada ya miezi mitatu, hata kama hamna mpango wa kuhama.

Na kompyuta ya ofisi inayotumiwa na watu wanne, tokeni kwenye akaunti kila jioni. Namba za wakulima na bei mlizopatana nao ziko humo.

Nimalizie na lililompata mwenzetu mmoja mwaka jana. Simu yake ilimponyoka ikazama mtoni, huko Rungwe, saa 4 asubuhi, na siku hiyo alikuwa na wakulima sita wanaosubiri majibu. Aliazima simu ya fundi baiskeli kijijini, akataka kuingia kwenye akaunti yake kwa kivinjari. Akaunti ikamwambia: weka namba tuliyotuma kwenye simu yako. Simu iko mtoni. Orodha yake ilikuwepo, nzima, lakini mlango umefungwa, mpaka alipofika Mbeya jioni na kufungua laptopu iliyokuwa bado inaikumbuka akaunti.

Google hukupa namba 10 za akiba za kuingilia, kila moja inatumika mara moja. Ziandikeni kwa kalamu leo, nakala moja ibaki nyumbani kabatini, nyingine mkunje ndogo muiweke kwenye pochi, nyuma ya kitambulisho cha NIDA.