Vipele vya kutu chini ya rangi ya gari
Ndugu, umeuliza kama unaweza kupaka rangi juu ya vipele vilivyojitokeza kwenye bodi, juu ya tairi la nyuma. Nakusihi usifanye hivyo, kwa sababu kutu imekwisha kuingia chini ya rangi, na ukiifunika itaendelea kula bati hadi litoboke. Kwangua mpaka uone bati linalong'aa, piga msasa namba 80, kisha lainisha kingo kwa namba 320 hadi kidole kisihisi ngazi kati ya bati na rangi ya zamani. Futa vumbi na mafuta, upake praima (rangi ya kwanza ya chini) ya kuzuia kutu siku hiyohiyo, maana bati tupu hushika kutu upesi mno. Ukikuta tundu, puti (kijazio cha kuzibia mabonde ya bodi) haitoshi. Fundi wa bodi akate sehemu iliyooza na kuchomelea bati jipya.