Timu imefungwa, mume anashangilia

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Lexington, Kentucky. Tulitoka Congo, tukakaa kambini Nyarugusu miaka mingi kabla ya kuletwa huku Marekani. Mume wangu ni mchapakazi, hanywi, hanipigi, kanisani anaheshimika. Shida yetu ni mpira wa kikapu wa vyuo. Alianza kuupenda Oscar Tshiebwe alipokuja kuchezea Kentucky, na sikuona ubaya, hata mimi nilipiga vigelegele: mtoto wa Lubumbashi! Lakini Oscar ameshaondoka, na mume ndiyo kwanza amezidi. Tangu msimu uanze mwezi huu wa Novemba analala saa saba, saa nane za usiku, wakati kazini ghalani anatakiwa saa kumi na mbili asubuhi. Ameshachelewa mara mbili na ameandikiwa onyo. Anaangalia hata vyuo ambavyo hajui viko jimbo gani.

Wiki iliyopita niliamshwa na kelele. Kutoka sebuleni, nakuta timu anayoishangilia iko nyuma kwa pointi 16 na zimebaki sekunde chache. Mchezaji mmoja akarusha kutoka mbali, mpira ukaingia, mchezo ukaisha. Wamefungwa kwa pointi 13. Mume wangu anaruka kama wamechukua kombe, na kijana wetu mkubwa, ambaye Januari anatimiza miaka 18, anamgonga mikono: "Papa, tumepona!" Nikawauliza, mmeponaje na mmefungwa? Wakacheka tu.

Nikilalamika naambiwa mwanaume hapangiwi muda wa kulala. Halafu wifi yangu amepiga simu kutoka Nyarugusu, anauliza mbona pesa ya mama ya mwezi uliopita haijafika. Mume anasema alituma, labda ni mtandao. Nimechoka. Nikate intaneti? Au niwaite wazee wa kanisa?

Mama Neema, Lexington

*

Marahaba, Mama Neema. Poleni na baridi.

Nianze na mchezo wenyewe, maana sitaki mumeo ashtakiwe kwa kosa la kupenda kikapu. Hilo nami ninalo. Nilianza kufuatilia vyuo vya Marekani kwa sababu ya Hasheem Thabeet, kijana wetu wa Dar es Salaam aliyechezea Connecticut. Machi 2009 timu yake ilikutana na Syracuse mjini New York, mchezo ukaenda vipindi 6 vya nyongeza, ukamalizika saa saba ya usiku imeshapita. Walioukesha ule mchezo hawajajuta mpaka leo, ingawa Connecticut walifungwa. Kwa hiyo mtu akiniambia ameshindwa kuzima televisheni, simshangai.

Na Novemba ina raha yake. Wachezaji wa vyuo wanahamahama siku hizi, timu ya mwaka jana na ya mwaka huu zinaweza kufanana jezi tu, na shabiki anataka kuwaona wageni wake kabla mambo hayajawa makubwa. Kuna usiku ule mmoja, tangu 2011, ambapo Duke, Kansas, Kentucky na Michigan State hukutanishwa mahali pamoja kwa michezo miwili mfululizo, na wa pili kwa saa za kwenu huanza kwenye saa tatu na nusu usiku. Kuna mashindano ya Maui, kule Hawaii, ambako saa ziko nyuma yenu kwa tano. Mchezo wa mwisho wa siku huko unaweza kuanza ninyi mkiwa karibu na usiku wa manane.

Hata hao wasiojulikana wana historia. Desemba 1982 chuo kidogo cha Hawaii kiitwacho Chaminade kiliifunga Virginia, iliyokuwa namba moja nchini ikiwa na Ralph Sampson, na mashindano hayo ya Maui yalizaliwa kutokana na mshangao ule. Kwenu hapo Lexington sidhani kama kuna aliyesahau Novemba 2019. Kentucky, namba moja wakati huo, waliwaita Evansville kwenye ukumbi wa Rupp Arena na kuwalipa dola 90,000 waje kucheza. Ndivyo vyuo vikubwa vinavyofanya mwanzoni mwa msimu: vinawalipa wadogo waje wafungwe. Evansville walichukua hundi na ushindi pia, 67 kwa 64.

Basi mtu kukesha na timu ndogo ya jimbo asilolijua bado anaweza kuwa mzima kabisa. Ila, Mama Neema, mpenzi wa timu ndogo hushangilia timu ndogo inaposhinda. Wa kwako ameruka juu timu imefungwa kwa 13.

Hapo ndipo niliposimama kwenye barua yako. Ngoja nikueleze, kwa sababu nadhani hakuna aliyekueleza.

Chuo kikubwa kikicheza na kidogo mwezi wa Novemba, kila mtu anajua nani atashinda, kwa hiyo kampuni za kubeti haziwezi kuuza swali hilo peke yake. Wanachofanya ni kuipa timu ndogo pointi za kuanzia, tuseme 14 na nusu. Ukiweka pesa yako kwa wadogo, hawahitaji kushinda. Wanatakiwa wasifungwe kwa pointi 15 au zaidi. Sasa rudia ule usiku: wako nyuma kwa 16, pesa imekwenda. Mpira wa pointi tatu unaingia, wanafungwa kwa 13, mkeka umeiva. Kwa wengine wote nchini ule ulikuwa mtupo usio na maana. Aliyeuona kama kombe ni mtu aliyekuwa na dau juu yake.

Sijamwona mumeo na simu yake sijaishika. Inawezekana ni mchezo wa kutaniana na wenzake wa ghalani, anayekosea ananunua soda. Inawezekana pesa ya mama mkwe imekwama kweli, inatokea. Lakini umeniletea ushangiliaji ule, pesa isiyofika na kijana anayesema "tumepona" akijua vizuri wameponea nini, vyote kwenye barua moja. Ningekuwa shangazi wa ajabu kama ningekujibu habari za usingizi.

Tena hata usingizi wenyewe unaeleweka ukiangalia upande huu. Kentucky wakiwa nyumbani mara nyingi huanza saa moja usiku, na saa tatu watu wanatafuta magari yao. Shabiki wa Kentucky angekuwa kitandani saa nne. Lakini Marekani ni pana, saa zake zinapishana, na vyuo vya daraja la juu ni zaidi ya 350. Aliyeliwa kwenye mchezo wa saa moja wa pwani ya mashariki anakuta wa Texas unaanza. Akiliwa Texas, saa tano usiku California ndiyo kwanza wanarusha mpira wa kwanza. California wakimwangusha, imebaki Hawaii. Kila saa inayopita inamletea nafasi nyingine ya kurudisha ilichochukua ya kwanza, na anayetaka kurudisha halali. Chuo kiko jimbo gani hakimhusu, ndiyo maana hawezi kukutajia.

Wala usidhani amevunja sheria. Mahakama Kuu ya Marekani ilifungua mlango 2018, Kentucky ikaruhusu kubeti michezo Septemba 2023, na mwisho wa mwezi uleule ikawa mtu anafanya yote kwenye simu akiwa kwenye kochi lake. Umri ambao Kentucky iliuweka ilipoanza 2023 ni miaka 18. Umesema kijana wako anafikisha lini?

Sasa tufanye hivi. Usimvamie usiku, mchezo ukiendelea, na usimuulize mbele ya kijana. Mwanaume akiulizwa mbele ya mwanawe atajibu kama mwanasiasa. Chagua Jumapili mchana mkitoka kanisani, watoto wameshiba na wako kwao. Kaa naye karibu. Usimwambie "unacheza kamari", maana ukianza na neno hilo atalipigania neno na utakosa jibu. Wala usimuulize kama anabeti. Muulize ni kiasi gani: "Baba Neema, ile timu ya wiki iliyopita iliyofungwa kwa 13, ulikuwa umeiwekea dola ngapi?" Sema kwa sauti ileile unayomuulizia bei ya mchele. Halafu nyamaza. Hapo ndipo wanawake wengi tunapojiharibia, tunauliza na kujibu wenyewe.

Akisema dola tano, na ukaona ni tano kweli, hujapata msiba. Kubalianeni kiasi cha mwezi kama mnavyopanga pesa ya vocha, na kodi ya nyumba na pesa ya mama zitoke kwanza, siku ya mshahara, kabla ya kitu kingine chochote. Michezo ya Kentucky aangalie yote, na wewe kaa naye ukipenda. Ile ya usiku wa manane ibaki Ijumaa na Jumamosi. Akirudia ule wimbo wa mwanaume hapangiwi muda wa kulala, mjibu kwa upole kwamba ni kweli, ila muda wa kuamka amepangiwa na mwajiri, naye ameshaandika onyo.

Akikataa, usibishane. Mwombe mfungue akaunti ya benki pamoja mezani, yake na yako, muangalie miezi mitatu. Unachotafuta ni makato madogomadogo yanayojirudia, dola 20, dola 25, dola 50, mengi yakiwa ya usiku, na majina ya kampuni usizozijua. Kama hakuna kitu, mwombe radhi, mpikie anachokipenda, kisha mrudi kwenye mazungumzo ya kawaida ya usingizi. Akikataa hata kufungua, umejibiwa.

Na kama makato yapo mengi, au akiangusha kichwa na kukutajia kiasi kinachokutoa jasho, jizuie. Najua utataka kulia, na pesa ya mama mkwe itakuja kichwani kwanza. Lia baadaye. Siku hiyohiyo afunge akaunti za kubeti. Programu hizo zina sehemu ya kujiwekea kikomo na sehemu ya kujifungia kabisa, na achague ya pili. Mshahara wako wewe uanze kuingia kwenye akaunti ambayo simu yake haiifikii. Halafu pigeni 1-800-GAMBLER, simu ya msaada kwa walionaswa na kamari, mkiwa wawili. Ni bure, wako macho usiku na mchana, wala hawampeleki mtu polisi. Usimtume mtoto akutafsirie mazungumzo hayo. Tafuta mtu mzima unayemwamini.

Wazee wa kanisa waache kwanza. Umesema mumeo anaheshimika pale. Kumweka katikati ya benchi la wazee kwa kitu ambacho bado hujakithibitisha ni kumfundisha kuficha vizuri zaidi. Ikifika hatua ya kukataa na pesa inaendelea kupotea, mchague mmoja tu, mwenye kifua, asiye na mke msemaji.

Wifi yako mpigie wewe mwenyewe. Usimwambie ninachokisia. Mwambie unafuatilia, na kama unaweza tuma kidogo kwa jina lako. Bibi wa watu kule Nyarugusu hajui habari za Maui.

Jambo la kijana ndilo ningelifanya mwenyewe kama ningekuwa karibu. Unajua ni baba wangapi huku ughaibuni hawana hata kitu kimoja cha kuzungumza na watoto wao wa kiume? Baba anachoka, mtoto anaongea Kiingereza chumbani, nyumba inakuwa na wapangaji wawili. Wenu wanakaa kochi moja na kugongana mikono. Usikivunje hicho kwa hasira. Mtenge kijana, muulize anajua nini, na umwambie kwamba humtaki awe mpelelezi wako wala mtunza siri wa baba yake. Halafu baba mwenyewe, mkishaelewana, ndiye amwambie habari ya dau, tena kabla ya Januari. Maneno hayo yakitoka kwako yatasikika kama kelele za mama. Yakitoka kwa mtu aliyeliwa, kijana atasikiliza.

Kama wanatafuta kitu cha kuangalia pamoja bila pesa, wamrudie Oscar. Msimu wake wa kwanza hapo Kentucky alivuna ribaundi (mipira iliyokosa kikapu akaidaka) 15 kwa mchezo, akatangazwa mchezaji bora wa vyuo nchini 2022, na Machi hiyohiyo alifunga pointi 30 dhidi ya Saint Peter's na bado Kentucky wakatolewa. Kuna mengi ya kubishania hapo, na mchana kweupe.

Intaneti usikate. Simu ya mumeo ina bando lake. Utakachokuwa umekata ni masomo ya Neema.