Maswali ya Wasomaji: Jua Jeusi la Dune na Runinga Inayoliharibu

*Mhariri, lile pambano la uwanjani kwenye filamu ya Dune: Part Two, mhusika Feyd-Rautha akipigana chini ya jua jeusi, limenimaliza kabisa. Nimerekodi video kwa simu nikaiondoa rangi, lakini haifanani hata kidogo. Nakosea wapi? (Msomaji, Morogoro)*

Hukosei, ila unatafuta pasipo. Pambano lile halikuondolewa rangi. Mpiga picha mkuu, Greig Fraser, alitumia kamera ya ARRI Alexa iliyorekebishwa ione infraredi tu, mwanga ambao jicho la mtu halioni. Programu ya simu inachukua mwanga wa kawaida na kuupunguzia rangi, basi. Infraredi hupenya ngozi kidogo kabla ya kurudi, ndiyo maana Austin Butler, aliyemwigiza Feyd-Rautha, anaonekana kama kafinyangwa kwa nta. Vitambaa navyo vina vituko: nguo mbili nyeusi tii kwa macho, moja inabaki nyeusi na nyingine inatoka nyeupe, kutegemea rangi iliyotumika kiwandani. Huwezi kukisia, lazima upime kila kitambaa mbele ya kamera. Ukisharekodi hivyo hakuna kurudi nyuma, maana rangi haikuingia kwenye kamera tangu mwanzo. Kwa studio kubwa kukubali hilo, si jambo dogo.

Ukitaka kujaribu, tafuta kamera ya kubadilisha lenzi na kichujio cha infraredi cha nanomita 720 kinachofungwa mbele ya lenzi. Kwanza elekeza rimoti ya runinga kwenye kamera na ubonyeze kitufe: ukiona kitaa cha zambarau kwenye skrini, kamera yako inaona infraredi kiasi. Kisha toka nje jua likiwa kali, weka kamera kwenye stendi, na uiache ipokee mwanga kwa sekunde kadhaa, hata 30. Majani yatatoka meupe. Wengi hukwama sehemu tatu. Wanapiga chini ya taa za LED, ambazo karibu hazitoi infraredi, wakapata giza tupu. Wanaweka fokasi kabla ya kufunga kichujio, na kwa kuwa infraredi hukutana mahali tofauti kidogo nyuma ya lenzi, picha inatoka na ukungu. Au wanapiga mtu anayetembea, akageuka moshi. Watu wakimbizane kama uwanjani? Hapo ni lazima fundi atoe kile kichujio cha ndani kinachozuia infraredi, na kamera hiyo usitegemee tena kwa picha za harusi.

*Nina runinga ya inchi 55. Nikiangalia Dune hiyo, juu na chini kuna mikanda myeusi. Nikivuta picha ijae, nyuso zinakatwa. Na kwa nini inaonekana kama tamthilia ya mchana? (Msomaji, Nakuru)*

Mikanda iache. Toleo la nyumbani lina uwiano wa upana kwa kimo wa 2.39 kwa 1, na runinga yako ni 1.78 kwa 1. Kwenye inchi 55 kila mkanda una kama sentimita 9. Ukivuta picha ijae unapoteza robo ya upana wake, na jangwa la Wadi Rum bila upana lina faida gani? Waliobahatika kuiona kwenye kumbi za IMAX ndio waliopata picha iliyopanda juu zaidi.

Huo utamthilia unatokana na runinga kubuni picha za katikati ili mwendo uwe laini. Filamu ina picha 24 kwa sekunde, iachie hizo hizo. LG huita kitu hicho TruMotion, Sony Motionflow: zima. Chagua hali ya sinema, shusha ukali wa picha hadi sifuri au karibu yake, na uzime ile ya kuokoa umeme, kwa sababu ndiyo inayozidisha giza kwenye sehemu za Giedi Prime, sayari ya lile pambano.

*Milipuko inatikisa nyumba, maneno siyasikii. Na anga la mwanzo wa filamu lina mistari mistari. (Msomaji, Muscat)*

Maneno huwekwa zaidi kwenye spika ya katikati. Kama mfumo wako umewekwa 5.1 (spika tano na sabufa) na spika hiyo haijaunganishwa, au waya umechomoka nyuma, mazungumzo yanapotea huku sabufa ikinguruma. Unganisha spika hiyo, au ingia kwenye mipangilio ya sauti uchague stirio.

Mistari kwenye lile anga la chungwa wakati jua limepatwa ni dalili ya mtandao kubana picha. Pakua filamu kwanza kwa ubora wa juu. Ina dakika 166. Ukihesabu GB 3 kwa saa kwa HD, tenga kama GB 8, na kwa 4K karibu 19. Diski ya 4K inazishinda zote mbili.

*Lazima niangalie ya kwanza? (Msomaji, Bukoba)*

Ndiyo. Ya 2021 ina dakika 155, na ya pili inaanzia pale pale ilipoishia, bila kukusubiri.