Nairobi hadi New York: Ni Saa Ngapi Hasa?

Kutoka JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, hadi JFK wa New York ni kama kilomita 11,800 kwa mstari ulionyooka, unaokatiza Sudan Kusini, pembe ya Sudan, Chad, Niger, Algeria na Morocco ndipo uingie Atlantiki. Ndege kubwa hukimbia karibu kilomita 900 kwa saa, kwa hiyo kwa hesabu ya haraka ni saa 13 na kidogo. Ila ya moja kwa moja huchukua kama saa 15. Pepo za juu kule Atlantiki huvuma kutoka magharibi: kwenda ni mbisho, kurudi unasukumwa na safari hupungua kidogo. Tena rubani hafuati mstari ule. Anga ya Sudan, kwa mfano, ilifungwa vita vilipozuka Aprili 2023.

Kupitia Amsterdam ni kama kilomita 12,500, kupitia Doha 14,100. Kulinganisha hizo naona ni kazi bure, maana kinachokula muda ni kungoja ndege ya pili. Saa moja na nusu ni roho mkononi, saa tisa ni kulala vitini. Mimi hutafuta tatu hivi, na tiketi iwe moja mpaka mwisho, ili ya kwanza ikichelewa shirika ndilo likutafutie nyingine.

Sasa soma tiketi yako vizuri. Ndege ya 00:40 tarehe 15 unaiendea uwanjani usiku wa tarehe 14. Sisi ambao saa sita usiku kwetu bado ni usiku uleule ndio tunaoachwa! New York wako nyuma yetu kwa saa 7, na kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba hadi Machi ni 8.

Chukua ratiba ambayo Kenya Airways ilianza nayo Oktoba 2018: kuondoka 23:25, kutua 06:25. Kwenye karatasi ni saa saba, mwilini, ukiongeza zile 8 za Novemba hadi Machi, ni kumi na tano, zote giza. Nilipomsindikiza mama, alikataa katakata kugusa saa yake ya mkononi. Daktari alimwambia dawa za presha azimeze kwa saa za Nairobi mpaka afike. Basi tuko juu ya bahari, taa zimezimwa, watu wamejifunika mablanketi hadi kichwani, naguswa bega: "Mwanangu, saa mbili asubuhi hiyo. Niitie maji." Mwenye dawa za kila siku amuulize daktari wake mapema, na dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku.

Kurudi, ukipanda Jumamosi mchana utatua Nairobi Jumapili kabla ya adhuhuri. Anayekuja kukupokea mtajie siku ya huku, na kazini omba Jumatatu.