Kabla hujanunua hiyo seva ya kuhifadhia data

Ndugu yangu, kama ofisi yenu ya watu wanane imechoka kuzungusha flashi, hiyo seva ndogo ya mtandao yenye diski nne za terabaiti 4 nunueni. Faili zitakaa mahali pamoja, na lile swali la "toleo la mwisho liko kwa nani?" litakwisha.

Ila muuzaji aliyekuahidi terabaiti 16 mrekebishe. Mkizipanga kwa RAID 5, yaani mpango wa kuunganisha diski ambao nafasi ya diski moja hutumika kulinda data ya zote, mnabaki na 12. Diski moja ikifa, kazi inaendelea. Ya pili ikifuata kabla hamjabadilisha ya kwanza, data yote imekwenda.

Na RAID si nakala rudufu! Hapa ndipo wengi wanaumia. Mtu akifuta folda kwa bahati mbaya, inafutika kwenye diski zote papo hapo. Virusi vinavyofunga faili na kudai pesa navyo havichagui. Tafuteni diski ya nje, nakilini kila Ijumaa, kisha ichomoeni ikalale nje ya ofisi.

Kasi? Kwa kebo ya gigabiti 1 hamvuki megabaiti 125 kwa sekunde, hata diski ziwe za dhahabu. UPS, betri inayoshikilia seva umeme ukikatika, pia msiiache dukani.