Nimebaki huru, mbona najiona mtupu?

SWALI: Shikamoo Mama. Nina miaka 43, sina mume wala mtoto. Kwa miaka 9 nilimuuguza mama yangu baada ya kupata kiharusi. Niliacha kazi, uchumba ukavunjika, wadogo zangu wakaendelea na maisha yao. Mama amefariki miezi 5 iliyopita. Siku ile, kabla hata sijalia, nilishusha pumzi. Sasa kila anayeniona ananiambia, "Uko huru, ishi maisha yako." Nalala nitakavyo, natoka nitakapo. Lakini asubuhi nakaa ukingoni mwa kitanda nisijue naamkia nini. Ninachokikosa ni kimoja tu: kila jioni nilikuwa namsomea mama gazeti mpaka asinzie. Je, miaka 9 niliipoteza bure? Na mtu anayeshusha pumzi mama yake akifa ni mtu wa namna gani?

*Aliyebaki peke yake*

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole sana. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu naona ndilo lililokufanya uandike.

Aliyeshusha pumzi ni mtu aliyechoka. Basi. Ulifurahi kutua mzigo, hukufurahi kufiwa, na mambo hayo mawili yanaweza kukaa katika kifua kimoja kwa dakika ile ile. Nayajua. Baba yangu nilimuuguza miaka 3, naye kiharusi kilimlaza. Kila Jumamosi nilimnyoa ndevu. Nilikuwa naivuta ngozi ya shavu kwa kidole gumba ili wembe usimkwaruze, naye ananisaidia kwa kulitunisha shavu kwa ulimi kutoka ndani. Upande mmoja tu. Ule wa pili ulikuwa hausikii. Alipofariki, nami nilishusha pumzi. Kisha wiki kadhaa baada ya mazishi niliamka saa kumi za alfajiri, nikawasha taa, nikamimina maji kwenye glasi, nikahesabu vidonge viwili kiganjani, ndipo nikakumbuka. Nilisimama navyo mkononi sijui muda gani. Kwa hiyo hapo ukingoni mwa kitanda nakujua ulipo.

Sasa hiyo miaka 9. Wanaokwambia "sasa uko huru" wanakutakia mema, lakini wamekubali kitu ambacho mimi sikikubali: kwamba kabla ya hapo ulikuwa mfungwa. Wadogo zako walikuwa na mlango, nawe ulikuwa nao. Wewe uliuona, ukabaki. Mfungwa habaki, mfungwa hubakizwa.

Yuko daktari mmoja wa akili, Viktor Frankl, Myahudi wa Vienna. Mwaka 1941, wakati Wanazi wa Hitler wanatawala huko, alipata viza ya kwenda Marekani. Yeye angeokoka, wazazi wake wangebaki kusubiri kupelekwa kwenye kambi za mateso walikofungiwa Wayahudi. Akawa hajui la kufanya. Siku moja akakuta mezani nyumbani kipande cha marumaru. Baba yake alikuwa amekiokota kwenye kifusi cha sinagogi, nyumba ya ibada ya Wayahudi, iliyobomolewa, nacho kilikuwa na herufi moja ya Kiebrania, ya ile amri ya kuwaheshimu baba na mama. Aliiacha viza ikapita muda wake. Mwaka 1942 wote wakapelekwa kambini. Baba yake alifia huko, mama yake na mkewe nao hawakurudi. Yeye alitoka hai mwaka 1945, na hadi anafariki mwaka 1997 alishikilia kwamba mtu hata akinyang'anywa kila kitu, hubaki na uhuru wa kuchagua asimame vipi mbele ya yaliyompata.

Sikusimulii haya ili niseme kila mtoto lazima aache yote kwa ajili ya mzazi. Hapana, wako waliochagua kuondoka nao walikuwa na haki. Nasema tu kwamba ule haukuwa muda uliokatwa kwenye maisha yako. Yale yalikuwa maisha yako. Kupoteza kazi na uchumba kulikugharimu kweli, na ruhusa ya kuvililia unayo.

Mwaka 1945 huko Paris, mwanafalsafa Jean-Paul Sartre alisimulia habari za mwanafunzi wake aliyemwendea wakati wa vita. Kijana alitaka kuvuka kwenda Uingereza kupigana, maana kaka yake alikuwa ameuawa na Wajerumani. Lakini mama yake alikuwa hana tegemeo jingine ila yeye. Sartre akamjibu: uko huru, chagua. Zamani jibu hilo lilinikera, niliona ni la mtu asiye na huruma. Siku hizi naona alisema kweli, ila kweli hiyo inataka mtu wa kukaa nawe unapoichukua. Nami niko hapa.

Kwa hiyo sitakuchagulia. Ila nakuomba mambo mawili. Kwanza, usimruhusu yeyote katika familia akukabidhi mgonjwa mwingine kwa hoja kwamba "wewe una nafasi". Safari hii kama utabeba, ubebe kwa kuamua, si kwa kukimbia ukimya wa nyumba. Pili, acha kuliwinda hilo "kusudi la maisha" kana kwamba limefichwa mahali. Frankl aliligeuza swali: sisi ndio tunaoulizwa na maisha, na kila siku ina swali lake dogo.

Na wewe umeshaulizwa, umelitaja mwenyewe bila kulitilia maanani. Katika miaka 9 ya kuosha, kugeuza na kulisha, hukusema unakosa kuhitajiwa. Umesema unakosa kusoma kwa sauti. Kitu hicho hakuna aliyekulazimisha. Mama hakukihitaji ili aishi. Ulimpa kwa sababu ulipenda kumpa. Wapo watu wengine ambao macho yao hayaoni tena, au hawakuwahi kufundishwa herufi, na jioni zao ni ndefu kama zako.

Lakini hilo lisubiri. Leo jioni chukua gazeti, kaa palepale ulipokuwa ukikaa, ulisome kwa sauti ukurasa mmoja. Ukilia, lia. Kisha niandikie uniambie ulisoma nini.